Pampu ya sola bila betri: Namna ya kupandisha maji katika vilima vya Gusii

Nyumba nyingi katika kaunti za Kisii na Nyamira zimejengwa kwenye miinuko ilhali maji yako bondeni. Chemchemi hububujika chini ya vilima, vijito hukutana na kuingia katika mito ya Gucha na Sondu, na hatimaye maji hayo huishia katika Ziwa Victoria. Mwenye boma hubaki juu akiyatazama yakipita.

Hali hiyo ndiyo iliyowafanya akina mama na watoto wa eneo hilo kupanda milima kila siku wakiwa na mitungi ya lita 20. Gusii hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka katika sehemu nyingi, kiasi ambacho wakazi wa maeneo kame hukitamani tu. Hata hivyo, ifikapo Januari na Februari, sukumawiki na nyanya hunyauka shambani huku kijito kikitiririka mita mia chache tu chini yake.

Kwa muda mrefu waliotaka kuyapandisha maji hayo walikuwa na njia mbili: pampu ya petroli au ya stima. Petroli hupanda bei bila kumwarifu mkulima, na nyaya za stima hufika kwenye nyumba zilizo juu lakini mara nyingi hazishuki hadi bondeni iliko chemchemi. Paneli za sola, ambazo bei yake katika soko la dunia ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya 2010 na 2020, zimeleta njia ya tatu.

Tatizo ni kwamba wengi wanapouliza gharama ya mtambo wa sola hutajiwa vitu vingi kwa pamoja: paneli, betri, inveta na pampu. Betri huongeza bei, na betri za kawaida za asidi huhitaji kubadilishwa baada ya miaka mitatu hadi mitano hivi, ilhali paneli zenyewe huweza kudumu miaka 25. Wengi hukata tamaa hapo.

Makala haya yanaeleza kwa nini pampu ya maji haihitaji betri, ni kitu gani kinachochukua mahali pake, na hesabu ambazo mkulima anapaswa kuzifanya kabla ya kutoa hata shilingi moja mfukoni.

Tangi lichukue nafasi ya betri

Betri huwekwa ili umeme wa mchana utumike usiku. Taa na televisheni huhitajika usiku, kwa hivyo betri ina kazi katika mitambo ya nyumbani. Maji ni tofauti. Si lazima yasukumwe saa ile ile yanapotumika. Yanaweza kusukumwa adhuhuri, yakahifadhiwa, na kuteremka yenyewe jioni au alfajiri.

Kwa sababu hiyo, mkulima anayesukuma maji hadi kwenye tangi lililo juu ya shamba lake tayari amehifadhi kazi ya jua. Tangi la plastiki au la saruji halichoki kwa kujazwa na kumwagwa kila siku jinsi betri inavyochoka. Isitoshe, sehemu ya umeme hupotea unapoingia na kutoka katika betri, jambo linalomlazimu mnunuzi kuongeza paneli ili kufidia hasara hiyo.

Hapa ndipo mwinuko wa Gusii, ambao umekuwa mzigo kwa vizazi vingi, unapogeuka kuwa msaada. Katika nchi tambarare mkulima hulazimika kujenga mnara wa vyuma ili tangi lipate kimo. Mkulima wa Nyaribari au Borabu huhitaji tu kusawazisha ardhi mahali palipo juu kuliko shamba lake. Jambo hilo si dogo, kwani tangi la lita 10,000 likijaa hubeba tani 10 za maji, na mnara wa kuhimili uzito huo ni ghali kuujenga.

Wazo lenyewe si geni. Mnamo 1913 Mmarekani Frank Shuman alitumia vioo vilivyopinda huko Maadi, karibu na Cairo, kukusanya joto la jua na kuendesha injini ya mvuke iliyosukuma maji ya Mto Nile hadi mashambani. Hakuwa na betri yoyote. Katika miaka ya 1970, paneli za umeme wa jua zilipoanza kutumiwa kusukuma maji, nchi ya Mali, iliyokuwa imeathiriwa na ukame mkali, ilikuwa miongoni mwa za kwanza Afrika kunufaika.

Katika eneo la Nyanza, kampuni ya Futurepump yenye kituo chake Kisumu iliwauzia wakulima wadogo pampu ya pistoni iitwayo SF1 ambayo iliendeshwa na paneli moja ya wati 80, bila betri. Pampu ya aina hiyo ilikusudiwa visima vifupi na mito iliyo karibu na shamba. Ilithibitisha kwamba mpango huu unafaa, lakini milima mirefu inahitaji nguvu zaidi.

Kwa nini pampu hukataa kuwaka asubuhi

Paneli haifanyi kazi kama betri. Betri ikidaiwa umeme mwingi kwa ghafla huutoa. Paneli haiwezi kutoa zaidi ya kile ambacho mwanga wa wakati huo umeipa, na mwanga hubadilika kila wingu linapopita.

Mota yoyote inapoanza kuzunguka hutaka mkondo mkubwa wa umeme kuliko inapokuwa imeshika kasi. Ikiunganishwa moja kwa moja na paneli asubuhi, wakati jua lingali dhaifu, volti huporomoka na mota husimama ikiunguruma bila kuzunguka. Ikiachwa hivyo kwa muda mrefu inaweza kuungua.

Dawa yake ni kifaa kidogo ambacho mafundi hukiita kontrola. Kifaa hiki hukaa kati ya paneli na pampu. Mwanga unapokuwa haba, hupunguza volti na kuongeza mkondo ili mota ipate nguvu ya kuanza, mfano wa mwendesha baiskeli anayebadilisha gia anapoanza kupanda mlima. Kontrola nzuri pia huizima pampu maji yanapokwisha chini au tangi linapojaa juu.

Kwa hivyo mtu akisema mtambo unafanya kazi moja kwa moja kutoka kwa paneli, hana maana kwamba nyaya mbili tu zinatosha. Ni vyema kutumia pampu iliyoundwa kwa ajili ya sola pamoja na kontrola yake. Nyingi kati ya hizo hutumia umeme wa DC, yaani unaotiririka upande mmoja tu, na hivyo hazihitaji inveta. Pampu ya kawaida ya stima inaweza kuendeshwa na jua pia, ila kwa kutumia inveta maalumu ya pampu ambayo hubadilisha kasi ya mota kulingana na mwanga.

Chagua pampu kulingana na mlima

Kuna aina mbili kuu za pampu, na kuzichanganya ndiko chanzo cha hasara nyingi.

Ya kwanza ina gurudumu lenye mapanga linalozunguka kwa kasi na kuyarusha maji. Pampu hii huanza kwa urahisi, bei yake ni nafuu, na hutoa maji mengi mahali ambapo kimo ni kifupi. Udhaifu wake ni kwamba nguvu yake ya kupandisha hupungua upesi kasi inapopungua. Kasi ikishuka hadi nusu, kimo ambacho maji yanaweza kufika hushuka hadi robo. Wingu likifunika jua, pampu itaendelea kuzunguka na kutumia umeme lakini hakuna hata tone litakalofika juu.

Aina ya pili huyashika maji kidogo kidogo na kuyasukuma kwa nguvu. Ndani yake mna pistoni, au chuma kilichosokotwa kama parafujo kinachozunguka ndani ya mpira. Pampu hii huhitaji nguvu nyingi kuanza, ndiyo maana haikosi kontrola. Lakini ikishaanza, maji hufika juu hata kasi ikiwa ndogo. Yanachopungua ni wingi tu.

Katika vilima vya Gusii, ambako mara nyingi maji hupandishwa mita 30, 50 au hata zaidi, na ambako mawingu hujikusanya karibu kila alasiri, aina hii ya pili humfaa zaidi mwenye boma la kawaida. Aina ya kwanza huwafaa wenye mashamba kando ya mto ambao hawahitaji kupandisha maji mbali.

Kosa jingine ni kuiweka pampu juu nyumbani kwa matumaini kwamba itayavuta maji kutoka bondeni. Hakuna pampu inayovuta maji kwa nguvu zake yenyewe. Ni uzito wa hewa ndio huyasukuma kuingia bombani. Hata pwani, ambako hewa ni nzito, kimo cha kuvuta hakiwezi kupita mita 10. Kisii mjini, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kipimo hicho hushuka hadi mita 8 na ushei katika nadharia, na mita 5 au 6 katika hali halisi. Nyamira ya juu ni pungufu zaidi. Pampu basi ikae chini karibu na maji, iyasukume.

Hesabu ya mlima mmoja

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano wa boma linalotaka lita 5,000 kwa siku. Kiasi hicho ni sawa na mitungi 250 ya lita 20, na kinatosha kunyunyizia robo ekari ya mboga katika siku ya kiangazi.

Tuseme kutoka chemchemi hadi tangini ni mita 36 kwenda juu, na bomba lina urefu wa mita 300. Maji yakipita bombani husuguana na kuta zake, na msuguano huo huhesabiwa kama kimo cha ziada. Yakipita lita 1,000 kwa saa, bomba la milimita 32 litaongeza karibu mita 4. Bomba jembamba la milimita 25 litaongeza kati ya mita 11 na 15. Aliyeokoa shilingi chache kwa kununua bomba jembamba amejiongezea mlima ambao atalazimika kuulipia kwa paneli.

Kwa bomba la milimita 32, kimo cha jumla ni mita 40. Kupandisha lita 1,000 kwa mita moja huhitaji takriban wati-saa 2.7 za kawi. Lita 5,000 kwa mita 40 ni sawa na 5 mara 40 mara 2.7, yaani wati-saa 540.

Hakuna pampu isiyopoteza nguvu. Tukichukulia kwamba mota na pampu kwa pamoja hufanikiwa kwa asilimia 35, tutahitaji wati-saa 1,540 kila siku kutoka kwa paneli.

Kenya hupokea kati ya kilowati-saa 4 na 6 za mwanga wa jua kwa kila mita mraba kwa siku. Maana yake ni kwamba paneli hufanya kazi kana kwamba jua limewaka kikamilifu kwa saa 4 hadi 6. Kwa kuwa Gusii ina mawingu, tuchukue saa 4 na nusu. Tuondoe pia robo kwa sababu ya joto, vumbi na nyaya. Wati-saa 1,540 zikigawanywa kwa saa 3.4 zilizobaki, jibu ni karibu wati 455. Paneli mbili za wati 250 zitatosha.

Mtu huyo huyo akitumia bomba jembamba, paneli hizo mbili hazitatosha tena. Ndiyo maana fundi anayetaja bei kabla ya kupima kimo cha mlima hafai kupewa kazi. Simu nyingi huweza kukadiria kimo, lakini kipimo cha uhakika hupatikana kwa bomba la uwazi lenye maji, wanavyofanya waashi wanaposawazisha msingi.

Bondeni au mlimani?

Swali gumu kuliko yote katika Gusii ni mahali pa kuziweka paneli. Zikiwekwa bondeni karibu na pampu, nyaya huwa fupi. Lakini bondeni jua huchelewa kufika na hutoweka mapema kwa sababu ya vilima, na miti hutia kivuli. Kivuli cha tawi moja juu ya sehemu ndogo ya paneli huweza kupunguza umeme kwa kiasi kikubwa kuliko mtu anavyodhania. Zaidi ya hayo, bondeni hakuna wa kuwatazama wezi.

Zikiwekwa nyumbani juu, ziko salama na zina jua tele. Hata hivyo, umeme utalazimika kuteremka mita 300. Paneli zetu mbili zikiunganishwa kwa mfuatano zitatoa takriban volti 60. Kwa waya wa shaba wa milimita mraba 4, zaidi ya theluthi moja ya volti hizo itapotea njiani.

Suluhisho ni kutafuta mahali pa wastani kwenye mteremko, mbali na miti, ambapo nyaya hazizidi mita mia moja hivi na ambapo mtu wa nyumbani anapaona. Wanaolazimika kuziweka juu zaidi wachague pampu inayotumia volti nyingi, kwa maana volti zikiongezeka upotevu hupungua. Ila volti zinazozidi mia moja huweza kuua, kwa hivyo nyaya zizikwe ndani ya mabomba yake na watoto wakatazwe kuzichezea.

Kuhusu mwelekeo, Gusii iko karibu sana na ikweta na jua hupita utosini. Paneli zilazwe kwa mwinamo mdogo wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua izioshe. Kwa kuwa mvua ya eneo hilo hunyesha zaidi alasiri, ni busara kuzielekeza kidogo upande wa mashariki ili zinase jua la asubuhi.

Radi nayo haipaswi kupuuzwa. Kisii ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopigwa na radi mara nyingi, na mvua ya mawe si ngeni huko. Fremu za paneli ziunganishwe na chuma kilichozikwa ardhini, na kontrola iwekewe kinga ya radi. Kanuni za kitaifa za 2012 ziliwataka mafundi wa sola kuwa na leseni, na sasa Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, EPRA, ndiyo inayosimamia kazi hiyo. Mteja ana haki ya kuomba kuonyeshwa leseni. Rahisi huvunja upishi.

Chemchemi si ya mtu mmoja

Pampu ya petroli ina breki yake ya asili: kila saa inayoendelea kunguruma, mwenyewe anahesabu fedha zinazoungua. Pampu ya sola haina breki hiyo. Ikishalipiwa, hakuna kinachomzuia mwenyewe kuiacha isukume kutwa nzima, hata tangi lake likiwa linafurika.

Wanaoishi Kisii na Nyamira wanajua uzito wa jambo hili. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 katika kaunti ya Nyamira, nazo ni kaunti ndogo kwa eneo. Mashamba yamegawanywa mara nyingi, na chemchemi moja hutegemewa na maboma mengi. Wapo wanaoteka hapo hapo, na wapo wa chini wanaoyangoja yawafikie kwa kijito. Mwenye paneli akiikausha saa sita mchana, mtoto atakayekuja na mtungi saa kumi atarudi mikono mitupu.

Sheria ya Maji ya 2016 inatofautisha kati ya kuteka maji kwa mikono kwa matumizi ya nyumbani na kuyatoa kwa mitambo. Anayetaka kuweka pampu anapaswa kuomba kibali kutoka kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Pia zipo jumuiya za watumiaji maji ambazo sheria inazitambua, na ni heshima kuzungumza nazo na majirani kabla ya kuchimba mtaro wa bomba. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Aliye chini ya kijito ni mtu pia.

Njia ya kiufundi ya kupunguza ugomvi ipo. Chemchemi hutoa maji usiku na mchana, ilhali pampu hufanya kazi kwa saa tano au sita. Chemchemi inayotoa lita 6 kwa dakika hutoa lita 8,640 kwa siku nzima, lakini katika saa 6 za jua hutoa 2,160 tu. Kwa hivyo kijengwe kisima kidogo cha saruji cha kukusanya fungu la maji ya usiku, na bomba la wanaoteka kwa mikono liwekwe chini zaidi ya lile la pampu. Kisima kikipungua, pampu itakuwa ya kwanza kukosa maji, na mtoto mwenye mtungi wa mwisho.

Kadhalika, boya la kuzima pampu tangi linapojaa ni sehemu ya lazima. Mikaratusi iliyopandwa karibu na chemchemi nyingi za Gusii nayo hunywa maji mengi na kutia paneli kivuli. Kuibadilisha kwa miti ya kienyeji kutaisaidia chemchemi.

Mwisho, mtambo huu husukuma maji lakini hauyasafishi. Maji ya chemchemi isiyozingirwa yabaki kuchemshwa au kutiwa dawa kabla ya kunywewa.

Mwenye kuanza leo basi apime kimo cha mlima, apime maji ya chemchemi wakati wa kiangazi wala si wakati wa masika, azungumze na walio chini yake, kisha ndipo aende dukani. Fedha ambazo angenunulia betri azitie katika tangi kubwa zaidi. Tangi la maji ya siku mbili litamvusha siku ya mawingu, na siku itakayofuata jua litalijaza tena.